Kutoka Lake One hadi Insula: Safari ya Mtumbwi Kaskazini mwa Minnesota

Kaskazini mashariki mwa jimbo la Minnesota, kandokando ya mpaka wa Marekani na Kanada, kuna eneo la hifadhi linaloitwa Boundary Waters Canoe Area Wilderness, lenye zaidi ya ekari milioni 1 za misitu na maziwa yanayozidi 1,100, ambamo hakuna barabara wala umeme, na katika sehemu kubwa ni marufuku kutumia mashine ya boti. Anayeingia humo hupiga kafi kutoka ziwa hadi ziwa, na maji yanapokwisha hujitwika mtumbwi na mizigo akapita nchi kavu mpaka ziwa linalofuata. Sisi tulikuwa wanne katika mitumbwi miwili: Mwalimu, mzaliwa wa Kisii ambaye amefundisha Brooklyn Park, mji ulio pembeni ya Minneapolis, kwa miaka mingi na ndiye aliyeijua njia; Dada, muuguzi kutoka Mombasa; Shemeji, yaani shemeji yangu mimi, aliyekulia Ukerewe; na mimi mtu wa Tanga. Tulichagua wiki ya mwisho ya Septemba kwa sababu mbu wamekwisha, wasafiri wamepungua, na majani yanakaribia kupukutika.

Naiandika safari hii siku kwa siku nikiwakusudia zaidi ndugu zetu wanaoishi Minneapolis na St. Paul, ambao wengi wao hulisikia eneo hili likitajwa na kudhani ni la watu wengine. Ni mali ya umma. Isitoshe, mengi ambayo mahali hapo humtaka msafiri ayajue, kama vile kupiga kafi, kusoma upepo, kubeba mzigo kichwani au mgongoni, na kula chakula kikavu kisichooza, ni mambo ambayo watu wa maziwa na wa pwani tumeyarithi kwa wazee wetu.

Jumatano

Tulitoka Minneapolis asubuhi, tukapita Virginia penye machimbo ya chuma, na baada ya kilomita zipatazo 400 tukafika Ely, mji mdogo ambao ni mlango wa msitu kwa upande wa magharibi. Kibali tulikuwa tumekiomba miezi mingi kabla, kwa maana kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 kila lango la kuingilia lina idadi maalumu ya makundi yanayoruhusiwa kwa siku, nasi tulitaka lango la Lake One. Kabla ya kukabidhiwa kibali msafiri huonyeshwa filamu fupi ya kanuni, kisha huulizwa maswali ili ijulikane kama amezielewa. Kundi lisizidi watu 9 na vyombo vya majini 4. Moto uwashwe kambini tu, ndani ya meko ya chuma yaliyowekwa na Idara ya Misitu, na kuni ziwe za matawi makavu yaliyoanguka yenyewe. Vyombo vya chakula vioshwe mbali na ziwa. Chakula kihifadhiwe mahali ambapo dubu hawezi kukifikia. Makopo na chupa za kioo za vyakula na vinywaji haviingii kabisa.

Kanuni hiyo ya makopo ndiyo iliyoamua chakula chetu, na hapo jiko la kwetu likaonyesha thamani yake. Wasafiri wengi hununua mifuko ya vyakula vilivyokaushwa kiwandani, ambavyo ni ghali na vingi vina chumvi kupita kiasi. Sisi tulichukua dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa juani, unga wa mahindi, choroko, mchele, tui la unga, nyanya ambazo Dada alizikata vipande vyembamba na kuzikausha katika oveni, tangawizi, majani ya chai, na chapati za siku mbili za mwanzo. Kwa uzito wake, sijui kitoweo kingine kinachomfikia dagaa: haozi, haachi takataka, na maji kidogo ya moto humrudishia mwili. Harufu yake ni kali, na dubu weusi wa huko wana pua isiyodanganyika, hivyo chakula chote pamoja na sabuni na dawa ya meno vilifungiwa katika vyombo vya plastiki ngumu vilivyoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Mitumbwi tuliikodi. Ilikuwa ya nyuzi za Kevlar, kila mmoja ukiwa na uzito wa kama kilo 20, wakati ule wa bati la alumini wenye urefu wa karibu na huo hufika kilo 34. Jioni Mwalimu aliomba mizani, akapima mkoba mmoja mmoja barazani, na kila uliozidi kilo 16 aliurudisha kwa mwenyewe apunguze. Kilo 16 ni frasila moja ya biashara ya kale ya pwani, kipimo ambacho babu zetu walikitumia kupimia pembe na karafuu. Shemeji alipolisikia hilo aliondoa kiti chake cha kukunja bila kuambiwa mara ya pili.

Alhamisi

Barabara ya Fernberg huenda mashariki ya Ely kilomita 32 hivi, na karibu na mwisho wake ndipo lilipo gati la Lake One. Tuliingia majini saa 3 asubuhi, hewa ikiwa tulivu na baridi. Kila mmoja alivaa jaketi okozi na kulifunga, na hilo halikuwa na mjadala: maji ya mwishoni mwa Septemba humnyima mtu nguvu ya mikono katika muda mfupi, hata akiwa mwogeleaji hodari, na gati likishaachwa nyuma hakuna wa kumwita. Mwalimu na Dada walitangulia. Katika mtumbwi wetu Shemeji alikaa tezi, yaani nyuma, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuongoza chombo, nami nikakaa omo, yaani mbele, kutafuta mawe yaliyojificha chini ya maji. Aliongoza bila kubadilisha upande wa kafi, kwa kulipindua kidogo mwishoni mwa kila pigo ili kuirudisha omo kwenye mstari, jambo ambalo wakufunzi wa huku hulifundisha kwa masomo na yeye hakumbuki alilijua lini.

Lake One ni ziwa la kupoteza watu. Limejaa ghuba, rasi na visiwa vinavyofanana, na mtu asiyefuatisha ramani kila dakika chache huishia katika ghuba isiyo na njia ya kutokea. Mwalimu aliifunga ramani mbele ya magoti yake, dira juu yake, na kila tulipopita kisiwa alikitaja namba yake kwa mpangilio alioutia alama kwa kalamu. Katikati ya asubuhi tulifika kwenye njia ya kwanza ya kubebea.

Njia hizi hupimwa kwa rodi, na rodi moja ni kama mita 5, yaani urefu wa mtumbwi mmoja. Kutoka Lake One kwenda Lake Two kuna mbili fupi, ya rodi 30 na ya rodi 40, zikitenganishwa na kidimbwi. Mtumbwi wa Kevlar haukokotwi juu ya mawe, kwa sababu huchanika. Hivyo abiria hushuka majini ungali unaelea, maji yakimfika magotini, akautua mzigo ufukweni. Kisha mbebaji husimama kando ya mtumbwi, akaushika kingo kwa mikono miwili, akaupandisha juu ya mapaja, akahesabu kimoyomoyo, na kwa msukumo mmoja wa goti akaugeuza kichwa chini juu ya mabega yake, ambapo nira ya mbao yenye mito miwili hukaa pande mbili za shingo. Ukikaa sawasawa, uzito unashuka wima miguuni na mikono haina kazi ila kuzuia omo isiinuke. Ukikaa kombo kwa upana wa vidole viwili tu, hatua kumi za kwanza zinakuonya. Mbebaji huona miguu yake na mita chache za njia, basi. Kwa hiyo mwenzake humtangulia na kumtajia: jiwe, mzizi, tope, inama.

Njia hizo si kazi ya serikali. Wenyeji wa asili, wakiwemo Waanishinaabe, ambao pia huitwa Ojibwe, walizikanyaga vizazi vingi kabla ya wafanyabiashara wa manyoya kufika na kuzitumia katika karne ya 18. Wapagazi wa biashara hiyo, waliosafiri kwa mitumbwi ya magome ya mti wa betula, walibeba furushi la kilo 41, na desturi ilikuwa mafurushi mawili kwa safari moja, yakining'inia kwenye mkanda uliopita kwenye paji la uso. Niliposimama kupumua mwishoni mwa rodi 40 niliwafikiria Wanyamwezi waliotoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe begani. Kazi ile ile, karne zile zile au zinazokaribiana, kwa faida ya watu wengine; na kote kuwili majina ya wabebaji hayakuandikwa ila mara chache.

Baada ya Lake Two maji hufululiza hadi Lake Three bila kushuka mtumbwini. Tulipiga kambi huko saa 9 alasiri, kwenye mwamba mpana unaoshuka ziwani, tukala chapati na choroko, tukalala mapema.

Ijumaa

Siku hii ilikuwa ndefu na ndiyo niliyotaka zaidi kuisimulia, kwa sababu ya msitu ulioungua.

Mnamo Agosti 18, 2011 ulionekana moto mdogo uliosababishwa na radi karibu na kijito cha Pagami, kusini ya maziwa haya. Kwa wiki kadhaa uliachwa uwake chini ya uangalizi, kama inavyofanywa mara nyingi kwa moto wa asili katika hifadhi za aina hii. Septemba 12 upepo na ukavu vikaugeuza. Kwa siku moja ulikimbia zaidi ya kilomita 20 kuelekea mashariki, moshi wake ukaonekana hadi Chicago, na wafanyakazi wa Idara ya Misitu waliokuwa wakiwaondoa wasafiri walizidiwa na moto na kulazimika kujifunika kwa mahema madogo ya kuzuia joto. Ulipozimika ulikuwa umekula takriban hekta 37,000. Hakuna aliyekufa.

Tulipita katikati ya mabaki hayo kutoka Lake Three hadi Lake Four na kuendelea Hudson. Vigogo vya zamani bado vimesimama, vya kijivu, bila tawi, na chini yake msitu mpya umesongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupenya. Mwingi ni msonobari wa aina inayoitwa jaki, na hapa nitaomba msomaji asimame nami kidogo. Mwalimu aliokota koni mbili chini ya mti mmoja kwenye njia ya kubebea, akatupa tuzishike. Ya kwanza ilikuwa imefunguka, magamba yake yametanuka, tupu. Ya pili ilikuwa ngumu, imejikunja upande mmoja, imefungwa kwa utomvu ulioganda. Nilijaribu kuifungua kwa kisu na ncha ikateleza. Koni ya namna hiyo inaweza kukaa mtini miaka mingi ikiwa imefumba mbegu zake. Joto la moto ndilo linaloyeyusha utomvu, magamba yakaachia, na mbegu zikadondokea juu ya majivu mapya ambapo hakuna kivuli wala mshindani. Msitu tuliokuwa tunaupita ulizaliwa wote kwa mkupuo, mwaka mmoja, kutokana na koni zilizoungua Septemba 2011, ndiyo maana vichwa vya miti vimelingana. Dada aliishika ile iliyofumba muda mrefu. Kisha akairudisha chini ya mti, kwa maana kuondoka na vitu vya msituni hakuruhusiwi.

Palipokuwa na udongo wa unyevu mibetula na mipopla imechipua katikati ya misonobari, na siku hiyo majani yake yalikuwa ya njano kabisa. Upepo wa kusi ulivuma taratibu, wa vuguvugu, jambo lililomfurahisha kila mtu isipokuwa Mwalimu. Alisema kusi ya vuguvugu mwishoni mwa Septemba ni mjumbe: nyuma yake mara nyingi huja mpaka wa hewa baridi, na upepo hugeuka ghafla ukatoka kaskazini magharibi. Akataka tuvuke Hudson siku hiyo hiyo.

Kati ya Lake Four na Hudson kuna njia tatu fupi za kubebea zinazokwepa maporomoko madogo ya mto Kawishiwi. Maji haya yote hayashuki kwenda Ziwa Superior lililo karibu, bali huelekea magharibi na kaskazini, ziwa kwa ziwa na mto kwa mto, mpaka Ghuba ya Hudson katika Kanada. Kupakia na kupakua mara tatu mfululizo huchosha kuliko njia moja ndefu, nasi tulipofika mwisho wa ziwa Hudson jua lilikuwa limeegemea. Ilibaki njia ya rodi 105, zaidi kidogo ya nusu kilomita, yenye mteremko wa mawe upande wa mwisho. Tuliipita kila mtu mara tatu: kwenda na mzigo, kurudi mtupu, kwenda tena na mzigo. Shemeji aliubeba mtumbwi wetu bila kupumzika, akautua majini Insula kwa utaratibu ule ule wa mwanzo.

Insula ni ziwa kubwa lenye visiwa vingi. Tulikuta kambi iliyo wazi ng'ambo ya pili, upande uliokingwa na mwinuko wa mwamba, tukafunga turubai chini chini na kamba za mahema tukazizidishia. Dagaa waliungwa kwa nyanya kavu, kitunguu na tui, ugali ukasongwa juu ya jiko la gesi, na Mwalimu, ambaye kwao ugali hauliwi bila mboga za majani, alikiri kwamba hakuwa na la kudai.

Jumamosi

Upepo uligeuka usiku. Alfajiri Dada alipotoka kuswali, akielekea kaskazini mashariki ambako ndiko kiliko kibla kwa mtu aliye Minnesota, ziwa lilikuwa limekwisha kuchafuka. Kulipopambazuka tuliona mawimbi yakivunjika na kutoa povu kuanzia rasi ya mbali hadi ufukwe wetu, na joto lilikuwa limeshuka kiasi kwamba maji yaliyobaki kwenye sufuria yalifanya utando wa barafu ukingoni.

Mpango ulikuwa tupande hadi mwisho wa Insula upande wa kaskazini mashariki, tushike tena mto Kawishiwi na kulala ziwa Alice. Dada alikuwa na zamu ya usiku Jumanne, naye alihofu kwamba siku ikipotea hatutaliona Alice kabisa.

"Mwalimu, hatuwezi kuambaa ufukwe polepole?" aliuliza.

"Tunaweza mpaka kwenye ile rasi," Mwalimu alijibu. "Baada ya rasi kuna eneo la wazi, na wimbi linakuja ubavuni."

Wote tukamgeukia Shemeji. Aliteremka mwambani peke yake, akachuchumaa, akatazama muda mrefu bila neno. Aliporudi alisema, "Kwetu ziwa likiwa hivi, watu wanashinda nchi kavu wakishona nyavu. Mtumbwi huu ni mwepesi mno, upepo utaushika omo kabla ya kafi langu. Mimi sivuki, na wewe shemeji yangu sikuvushi, nikamwambie nini dada yangu?"

Neno hilo lilimaliza shauri. Alice ikaahirishwa, na sikuona hata mmoja aliyekunja uso.

Ni vyema nieleze kwa nini ushauri wake ulikuwa wa haki. Upepo wa mbele hupigika vita, kwa kusogeza mzigo kidogo kuelekea omo ili pua ya mtumbwi izame na kushika maji, na wapiga kafi wakapiga magoti ili uzito ukae chini. Upepo wa nyuma nao una dawa yake, mzigo ukirudishwa tezi. Ni wimbi la ubavuni kwenye maji ya wazi ndilo lisilo na ufundi wa kutosha, na maji yenyewe yakiwa baridi namna ile, kupinduka mbali na ufukwe ni hatari ya kifo. Wengi wanaopatwa na maafa katika maziwa ya kaskazini majira haya hawakukosa nguvu. Walikuwa na tarehe ya kurudi.

Basi tukashinda kambini. Tuliokota kuni mbali na kambi, nyuma kabisa, kwa sababu za karibu zilikwisha kuokotwa na wageni wa kiangazi. Mwalimu alipika mpunga mwitu alioununua Ely, unaoitwa manoomin kwa lugha ya Waanishinaabe, punje nyeusi ndefu ambazo huchukua karibu dakika 45 kuiva na zina ladha ya karanga na moshi. Huvunwa kati ya mwisho wa Agosti na Septemba na watu wawili katika mtumbwi mmoja: wa nyuma husukuma kwa upondo, wa mbele huinamisha mabua kwa fimbo na kuyapiga kwa fimbo ya pili, punje zikaanguka ndani, na zinazoanguka majini huwa mbegu za mwakani. Mkataba wa mwaka 1854, ambao kwao waliikabidhi serikali ya Marekani ardhi hii, uliwaachia haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya katika nchi waliyoitoa, na haki hiyo ipo hadi leo. Tuliula na choroko. Nausifu bila kusita, na ningependa kuuona katika sahani za watu wetu mijini, hasa kwa kuwa ukinunuliwa kwa wavunaji wenyewe fedha huwafikia wanaostahili.

Mchana mwamba tulioukalia ulinivuta. Ni mwamba wa kale sana, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1, na juu yake kuna mikwaruzo mirefu iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, iliyochorwa na mawe yaliyokokotwa chini ya barafu nene iliyofunika nchi hii na kuondoka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Barafu hiyo ndiyo iliyochimba mabonde ambayo leo ni maziwa. Vidole hupita ndani ya mikwaruzo hiyo kama kwenye ubao wa mbuzi ya nazi.

Jua lilizama saa 1 jioni. Katika juma hili la mwaka mchana na usiku hulingana hata huku, kwa hiyo kwa siku chache saa za Minnesota na saa za Tanga huenda pamoja. Baada ya hapo mchana hupungua kwa kasi mpaka Desemba.

Jumapili

Tuliamka saa 10 usiku. Upepo ulikuwa umelala, na Mwalimu alijua kwamba jua likipanda utaamka tena, hivyo chai ilinyweka tumesimama na mahema yakafungwa kwa mwanga wa taa za kichwani. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa tumekwisha kuuvuka mlango wa ghuba, na saa 2 asubuhi tulikuwa tukibeba kwenye zile rodi 105 kurudi Hudson.

Huko, kwenye maji mafupi ya ghuba ya kaskazini, alisimama musi dume. Musi ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila kimo chake humzidi farasi, na pembe zake hutanuka bapa kama makoleo. Mwisho wa Septemba ndio msimu wao wa kutafutana, na dume huwa mkali, kwa hiyo tuliacha kupiga kafi tukiwa mbali na kukaa kimya mpaka alipotoka majini kwa hiari yake na kuingia kwenye misonobari michanga. Shemeji alisema tu, "Huyu angeizamisha ngalawa."

Ndege waitwao luni, ambao ni ndege wa jimbo la Minnesota, walikuwa wamebaki wachache na wote wa rangi ya kijivu, yaani makinda wa mwaka huu. Wazazi hutangulia kuhamia baharini, na makinda hufuata baadaye peke yao, njia ambayo hawajawahi kuonyeshwa.

Upepo ulirudi saa 5, wa mbele, nasi tukauchukua kwa kuambaa ufukwe wa kaskazini hadi Lake Four, ambako tulilala. Sina zaidi ya kusema kuhusu alasiri hiyo isipokuwa kwamba mabega yaliuma.

Jumatatu

Mvua nyepesi ilinyesha tangu alfajiri hadi mchana. Tulipita Lake Three na Lake Two bila kusimama ila kwa chai, na kwenye njia ya rodi 40 tulikuta mti mkubwa umeanguka na kuziba njia, bila shaka kwa upepo wa Jumamosi. Tulivua mitumbwi mabegani, tukaipitisha juu ya gogo kwa kupokezana, watu wawili kila upande. Saa 8 tulifika gatini Lake One, tukapakia gari na kurudi Ely.

Mama aliyetukodisha mitumbwi aliikagua chini kwa kiganja, kisha akatuuliza kuhusu kimo cha maji kwenye maporomoko na hali ya njia. Tulimweleza habari za mti ulioanguka, naye akautia alama kwenye ramani ya ukutani ili awajulishe wanaoingia kesho na Idara ya Misitu. Mwalimu alimuuliza kuhusu mwakani. Vibali vya msimu mpya huanza kuombwa Januari, na Dada alikuwa amekwisha kufikia uamuzi wake tangu kambini: hatarudi Insula kwanza, atachukua lango la Sawbill, kaskazini ya Tofte, kwa sababu kutoka Ziwa Sawbill hadi Ziwa Alton kuna njia moja tu ya rodi 30, nayo inawafaa wanawe wawili, ambao mkubwa ana miaka 11 na ameahidiwa kubeba makafi. Shemeji ameombwa kukaa tezi, na amekubali.